Pedi za Breki kwa Gari Moja la Kazini na la Uwanja wa Mbio: Kisa cha Toyota 86 ya Muscat

Gari linalozungumzwa hapa ni Toyota 86 ya mwaka 2017, ya giya za mkono, mali ya mpwa wangu anayeishi Al Amerat, nyuma ya milima inayoizunguka Muscat. Siku za kazi hupanda nalo mlima na kuteremkia Bausher, na jioni hurudi kwa njia hiyo hiyo. Mara chache kwa mwaka, katika miezi ambayo jua la Ghuba limepungua ukali, huliendesha zaidi ya kilomita 400 hadi Abu Dhabi, huliingiza uwanja wa Yas Marina kwa jioni moja ya madereva wa kawaida, hulala huko, na kesho yake hurudi nalo nyumbani. Hana gari la pili wala trela. Naanza na maelezo haya kwa sababu mtu anayelipeleka gari uwanjani juu ya trela anaweza kufunga pedi zozote apendazo, lakini mtu ambaye gari lake la mbio ndilo gari la kumfikisha kazini asubuhi ana sharti ambalo halina mjadala, nalo ni kwamba breki zishike hata zikiwa za baridi kabisa.

Alikuja gereji kwangu Ghala mwezi wa Januari, siku mbili baada ya safari yake ya kwanza. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: "Mjomba, nilikanyaga na gari halikusimama." Nilimwuliza kama pedeli ilikuwa ngumu au laini, na jibu lake lilinishughulisha kwa muda, kwa kuwa alisema yote mawili yalitokea. Katika mzunguko wa nne pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe, naye alikanyaga kwa nguvu zote na gari likaendelea kwenda. Alipunguza mwendo kidogo, akaendelea, na katika mzunguko wa sita pedeli ikazama karibu na sakafu, ikabidi aipige mara mbili tatu ndipo ikapanda.

Haya ni maradhi mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Pedeli ikiwa ngumu huku gari halipungui mwendo, mafuta ya breki yanafanya kazi yake na pistoni zinaibana pedi kwenye diski, lakini pedi yenyewe imepoteza msuguano. Resini inayoshikanisha chembe za pedi imepashwa moto kupita uwezo wake, imeanza kuoza na kutoa gesi, na uso wa pedi unateleza juu ya diski badala ya kuishika. Mafundi wengi husema breki zimefifia. Pedeli ikizama, kasoro iko kwenye mafuta. Joto limepenya kutoka kwenye pedi, likapita kwenye pistoni, likayafikia mafuta yaliyo ndani ya kalipa (kifaa kinachobeba pistoni na pedi na kuibana diski) na kuyachemsha. Kimiminika hakibaniki, lakini mvuke hubanika, kwa hiyo nguvu ya mguu huishia kuubana mvuke kabla ya kufika kwenye pedi. Dereva asiyeuliza swali la ugumu na ulaini wa pedeli hununua pedi ghali, akarudi uwanjani, na pedeli ikazama vile vile.

Tulipofungua magurudumu, ushahidi wa pande zote mbili ulikuwapo. Pedi za mbele, zile zile zilizotoka kiwandani na gari, zilikuwa zimepata uso wa kung'aa kama kioo, na kingo zake zimekuwa za kijivu na kumeguka kwa kidole. Mafuta ya breki yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, nayo hayakubadilishwa kwa zaidi ya miaka mitatu. Mafuta hayo yalikuwa ya DOT 4. Kwa mujibu wa kiwango hicho, mafuta mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji hadi asilimia 3.7, kiasi kinachotumika katika vipimo, kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155 tu. Mafuta haya huvuta unyevu wa hewa kwa maumbile yake, na anayeishi pwani ya Oman anaujua unyevu wa mwezi wa Julai. Miaka mitatu katika hewa hiyo inatosha kabisa kuyaharibu.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo sikulitarajia. Pedi za nyuma zilikuwa zimelika sana kuliko inavyopasa kwa gari ambalo sehemu kubwa ya kazi ya breki hufanywa na magurudumu ya mbele. Nilipomwuliza, alikiri kwamba aliuacha mfumo wa kudhibiti uthabiti ukiwaka jioni nzima. Mfumo huo ukiona gari linaanza kuteleza kwenye kona, hukamata gurudumu moja moja wenyewe, bila mguu wa dereva, na dereva mgeni anaweza kuzunguka uwanja mzima bila kujua kwamba breki za nyuma zinachomwa moto kwenye kila kona. Sikumshauri auzime kabisa, kwa kuwa bado anajifunza. Nilimweleza tu kwamba taa ile ya njano inayowaka na kuzima kwenye dashibodi ni hesabu ya pedi zake.

Kabla ya kufika kwenye uchaguzi wenyewe, ni vyema msomaji auone ukubwa wa tofauti iliyopo kati ya barabara na uwanja, na hesabu yake si ngumu. Gari hili likiwa na dereva na mafuta lina uzito wa kilo 1,350 hivi. Likisimama kutoka kilomita 60 kwa saa, nishati mwendo inayogeuka kuwa joto ni juli 187,500 hivi. Tukichukulia kwamba asilimia 70 inaelekea mbele, na kwamba kila diski ya mbele ina uzito wa karibu kilo 7 za chuma cha kusubu, joto la diski hupanda kwa nyuzi 20 tu. Yas Marina ina urefu wa kilomita 5.281 tangu uliporekebishwa mwaka 2021, na ina njia mbili ndefu zilizonyooka, moja baada ya nyingine. Gari likifika mwisho wa njia kwa kilomita 190 kwa saa na kushushwa hadi 80, nishati inayotoka ni juli milioni 1.55, na kila diski ya mbele hupanda kwa nyuzi 168 kwa mkanyago mmoja. Hayo ni zaidi ya mara nane ya kusimama kwenye taa za barabarani, na kabla diski haijapoa, mwisho wa njia ya pili umeshafika. Pedi ya kiwandani imetengenezwa ili ishike kimya kimya, isitoe vumbi, na ifanye hivyo kwa miaka. Hakuna aliyeiahidi kwamba itastahimili nyuzi 500, na kuilaumu kwa hilo ni kuionea.

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilikuwa na hesabu hiyo kichwani, nikaiacha initawale, nikamwambia anunue pedi za mbio halisi, zile ambazo mtengenezaji anazitangaza kwa joto la kupindukia nyuzi 700. Tulifunga mbele peke yake, tukabadilisha mafuta yote kwa mafuta ya breki ya mbio ambayo yakiwa mapya huchemka baada ya kupita nyuzi 300, tukatoa upepo, yaani viputo vya hewa vilivyonaswa kwenye mafuta, katika kalipa zote nne, naye akaenda Yas mwishoni mwa Februari. Uwanjani hakuwa na lalamiko hata moja. Malalamiko yalianza aliporudi kazini.

Barabara ya Al Amerat ina tabia ambayo kwa breki za namna hii ni mtihani mgumu. Asubuhi, baada ya swala ya Alfajiri, gari hupanda mlima kwa dakika kadhaa ambazo breki haziguswi kabisa, kisha hufika kileleni na kuanza kuteremka moja kwa moja kwa mteremko mkali. Mkanyago wa kwanza wa siku, kwa hiyo, huwa kwenye mteremko, na hufanywa kwa pedi ambazo zimelala usiku kucha. Pedi ya mbio ikiwa ya baridi haina msuguano wa kutosha, kwani mchanganyiko wake unahitaji joto ndipo uanze kushika. Mpwa wangu alinieleza kwamba asubuhi ya tatu alilikaribia lori lililokuwa mbele yake kwa namna iliyomfanya atoe shahada. Mkanyago wa pili ulishika vizuri, na wa tatu ukashika vizuri zaidi. Lakini mtu barabarani hapewi mkanyago wa kwanza wa bure. Nililisikia hilo na sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu pedi zile nilizichagua mimi.

Madhara mengine yalikuwa madogo, lakini yalikuwapo. Pedi zilipiga kelele kila aliposimama. Vumbi lake lina chuma kingi, na katika unyevu wa pwani liliota kutu juu ya rimu na kung'ang'ania kwenye rangi. Diski za mbele, ambazo zikiwa mpya zina unene wa milimita 24 na haziruhusiwi kupungua chini ya 22, nilizikuta na milimita 23.4 baada ya majuma machache tu, kwa kuwa pedi za namna hii zikiwa za baridi huifuta diski kama msasa. Isitoshe, kuongeza nguvu ya mbele bila kugusa nyuma kulivuruga uwiano wa gari. Breki zikishapata moto, magurudumu ya mbele yalitaka kufunga mapema, mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu kufunga, ukaamka mapema, na magurudumu ya nyuma yakabaki na kazi ndogo kuliko uwezo wake.

Faida moja niliyoipata katika safari ile ya Februari ni vipimo, na vipimo hivyo ndivyo nilivyopaswa kuvichukua kabla ya kununua chochote. Nilikuwa nimempakia rangi za kupimia joto kwenye ukingo wa diski za mbele. Hizi ni rangi tatu zinazouzwa kwa kazi hiyo: ya kijani hubadilika ikifika nyuzi 430, ya machungwa ikifika 560, na nyekundu ikifika 610. Ni rahisi, hazina waya wala betri, na hubaki na ushahidi hata gari likishapoa. Wengi hutegemea kipimajoto cha infraredi cha mkononi, lakini gari likifika eneo la kuegesha diski imeshapoteza joto jingi, na uso wa chuma unaong'aa huidanganya mashine ile ikaonyesha nyuzi pungufu. Diski za mpwa wangu zilirudi na kijani na machungwa vimebadilika, nyekundu ikiwa kama ilivyopakwa. Kilele cha joto, basi, kilikuwa kati ya nyuzi 560 na 610. Nilikuwa nimemnunulia uwezo wa juu ambao hakuukaribia, na nikaulipia kwa usalama wake wa asubuhi.

Tulikaa na jambo hili msimu wote wa joto, na fikra iliyonikalia ni kwamba nililigeuza swali kichwa chini. Joto la uwanjani lina milango mingi ya kulipunguza: idadi ya mizunguko, hewa inayopelekwa kwenye diski, uzito unaoshushwa, namna dereva anavyokanyaga. Baridi ya asubuhi haina mlango hata mmoja. Kwa hiyo pedi ichaguliwe kwanza kwa ajili ya mkanyago wa kwanza pale kileleni Al Amerat, kisha joto la Yas lishushwe mpaka liingie ndani ya uwezo wa pedi hiyo.

Katika kutafuta, alinionyesha pedi za duka moja zenye herufi FF zilizopigwa mgongoni, akaniuliza kama hizo ndizo. Herufi hizi zinafaa kuelezwa, kwa sababu wauzaji huzitumia kama cheti cha ubora. Ya kwanza huonyesha msuguano katika joto la kawaida, ya pili katika joto kubwa. F humaanisha msuguano kati ya 0.35 na 0.45, E ni chini yake, kati ya 0.25 na 0.35, na G ni juu yake, hadi 0.55. Tatizo ni kwamba kipimo chenyewe hufanywa kwa kipande kidogo cha pedi kwenye mashine, na joto lake la juu kabisa ni nyuzi 343 hivi. Pedi mbili zenye FF zinaweza kuwa sawa hapo, kisha zikifika nyuzi 500 moja ikashika na nyingine ikafa. Alama ya R90 ya Ulaya nayo ina maana yake, kwani huthibitisha kwamba pedi mbadala inalingana na ile ya asili ndani ya tofauti ya asilimia 15. Kwa gari la barabarani pekee naiheshimu sana. Lakini kulingana na pedi ya asili si sifa kwa gari ambalo pedi zake za asili ndizo zilizoshindwa.

Nilichagua Ferodo DS2500, mbele na nyuma, ili uwiano wa gari urudi mahali pake. Mtengenezaji huzitangaza kwa msuguano wa wastani wa 0.42 kati ya nyuzi 20 na 500, na iliyonivuta ni ile namba 20, kwa kuwa ndiyo asubuhi ya Al Amerat. Kampuni hiyo ilianzishwa na Herbert Frood mwaka 1897 huko Derbyshire, Uingereza, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa vifaa vya breki vya magari ya kukokotwa na farasi kwenye vilima. Najua hilo halina uzito katika kuchagua pedi leo, lakini lilinifurahisha kwamba biashara hii ilianza na mteremko.

Pedi zilifungwa Oktoba juu ya diski mpya. Diski mpya zilikuwa za lazima, kwani pedi ya namna hii hufanya kazi kwa kuacha utando mwembamba wa vitu vyake juu ya diski, kisha ikaushika utando huo. Utando wa pedi nyingine ukibaki chini yake, msuguano huwa wa mabakamabaka na usukani hutetemeka. Madereva wengi wakiuhisi mtetemo huo husema diski imepinda, ilhali mara nyingi diski imenyooka na tatizo ni utando usio sawa. Kuzizoesha pedi tulikwenda pamoja mapema Ijumaa, kwenye barabara pana isiyo na magari: mara kumi kutoka kilomita 100 hadi 20 kwa saa, kila mara kwa nguvu zaidi kidogo, bila kusimama kabisa hata mara moja. Pedi yenye moto ikibanwa kwenye diski iliyosimama huacha chapa yake hapo hapo. Baada ya hapo tukaendesha robo saa bila kugusa breki. Sheria hiyo hiyo inatumika uwanjani: mzunguko wa mwisho huwa wa polepole, na gari likiegeshwa huachwa kwenye giya, hendibreki haivutwi.

Upande wa joto tulifanya mambo mawili. Tulivuta bomba la hewa kutoka kwenye bampa la mbele hadi katikati ya kila diski, kwa sababu diski yenye matundu ya ndani huvuta hewa kutoka kitovuni na kuitupa nje, na hewa inayopulizwa usoni huipoza upande mmoja tu. La pili, tukakubaliana juu ya mizunguko minne ya kasi kwa kipindi, si saba. Hili la pili lilimwuma. Alikuwa amelipia jioni nzima, na kuona wenzake wakiendelea ilhali yeye anarudi kuegesha si jambo jepesi kwa kijana. Alilitii, na nampongeza kwa hilo.

Rangi za safari ya Novemba zilirudi na kijani kimebadilika na machungwa kikiwa kizima. Kilele kilikuwa kimeshuka chini ya 560. Bado kinaweza kupita 500 kwa muda mfupi mwishoni mwa njia ndefu, lakini pedeli haikuzama na gari lilisimama mahali pale pale kila mzunguko. Asubuhi ya Jumapili aliponipigia simu kutoka kazini sikumwuliza habari za Yas. Nilimwuliza mkanyago wa kwanza kileleni ulikuwaje, akasema hakuufikiria.

Aliwahi kuniuliza kwa nini asiwe na seti mbili, moja ya barabara na moja ya mbio, azibadilishe akifika. Kwa kalipa za gari hili kazi hiyo ya mbele haimalizi nusu saa, na wako wanaoifanya vizuri. Lakini kwa sababu ya utando niliouelezea, angehitaji na diski za pili, na hata hivyo saa nne usiku, akiwa amechoka, angepaswa kuinua gari na kufunga breki zitakazombeba zaidi ya kilomita 400 kesho yake. Sikupenda kazi ya breki ifanywe katika hali hiyo. Juu ya hayo, hapa Oman tunalo funzo la mteremko mbele ya macho yetu: pale Birkat al Mouz, mguuni mwa Jebel Akhdar, polisi huyarudisha magari yote yasiyo ya magurudumu manne ya kuvuta, kwa sababu ya ukali wa mteremko. Toyota 86 haipiti pale, na nadhani ni sawa isipite.

Kanuni ya mwisho tuliyowekeana inahusu unene. Pedi ni ukuta kati ya diski na mafuta, na ukuta ukiwa mwembamba joto hupenya. Pedi ya barabarani inaweza kutumika mpaka ikaribie chuma chake cha mgongoni, lakini ikishapita nusu ya unene wake haiendi tena uwanjani, hata kama inashika vizuri. Mafuta nayo hubadilishwa kila Oktoba, na upepo hutolewa kabla ya kila safari. Pedi za mbele zilizofungwa zikiwa na milimita 11 nilizipima tena Aprili, baada ya safari tatu za Yas na miezi sita ya mlima: kulia 5.4, kushoto 5.2. Zimebaki kwenye gari kwa msimu wa joto, ambao yeye haendi Abu Dhabi, zitapanda na kuteremka Al Amerat mpaka zifike milimita 3, na seti mpya ya aina ile ile, juu ya diski zile zile, itafungwa Oktoba.